Fimbo za Stadi Hazinunuliwi kwa Macho

Mtu apitaye barabara ya Mama Ngina wakati wa jioni, akafika penye mibuyu, huwaona watu wachache wakitembea polepole juu ya majani yaliyokatwa, na nyuma yao vijana wamejitwika mifuko mirefu yenye fimbo. Wengi wetu hupita bila kugeuka. Tumekwisha kuuhesabu mchezo wa gofu kuwa ni mchezo wa wakubwa na wageni, na habari zake tumewaachia wao. Lakini klabu ile yenye uwanja wa mashimo 9 ilianzishwa mwaka 1911, na tangu siku hizo mabega yaliyobeba mifuko ile ni mabega ya watoto wetu. Miongoni mwa makedi hao wamo waliojifunza kuupiga mpira kwa kutazama tu, kwa fimbo moja iliyotupwa na mwenyewe, hata wakawapita wale wanaowabebea. Twaandika leo kwa ajili ya hao.

Jambo lenyewe ni fimbo za chuma, na namna ya kuzijaribu kabla ya kutoa fedha. Huenda msomaji akauliza jambo hili laingiaje katika ukurasa wa utamaduni. Twamjibu kwamba hapa pwani hatukuanza jana kujua thamani ya chombo cha kazi. Fundi wa jahazi hakubali kuazimwa tezo ambalo hajalipima mkononi, na mshoni wa kofia huichagua sindano yake kama mtu achaguaye mchumba. Iweje basi kijana ambaye riziki yake yatarajiwa kutoka katika fimbo, auziwe fimbo kwa kuonyeshwa taa na tarakimu ukutani?

Kijana tumjuaye alifikwa na hayo mwaka huu. Handikepu yake ni 2, yaani katika mashimo 18 huhesabiwa mipigo miwili tu ya msaada, na hiyo ni daraja ambayo wachezaji wengi hawaifikii maisha yao yote. Alikuwa akijitayarisha kwenda kujaribiwa ili aingie katika gofu ya kulipwa. Jamaa na marafiki walimchangia, akasafiri hadi mji mmoja wa bara, akaingia duka lenye chumba cha kupigia mipira mbele ya pazia. Alipiga mipira kama ishirini. Chombo kilichokuwa nyuma yake kikasoma kwamba kwa fimbo mpya nambari 7 mpira ulikwenda mbali zaidi ya ulivyokwenda kwa fimbo yake ya zamani, tena kwa yadi nyingi. Muuzaji akampigia makofi. Kijana akatoa arbuni, akapewa seti ile kwa siku tano akaijaribu nyumbani, kisha amalizie deni. Seti mpya ya namna hiyo hupita shilingi laki moja, na kwa mtu alipwaye kwa kila mfuko abebao, hizo ni fedha za miezi mingi.

Alirudi Mombasa na furaha kubwa, na mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, ambaye amecheza gofu zaidi ya miaka arobaini.

"Ami, hii saba yangu yaipita sita yako," kijana alimwambia.

"Yaipita kwa nini, mwanangu?" mzee akauliza. "Igeuze kwanza tuone uso wake umelala vipi."

Swali hilo la mzee ndilo linalopaswa kuulizwa mwanzo, na wauzaji wengi hawapendi kuulizwa. Nambari iliyochorwa chini ya fimbo ya gofu si kipimo cha kitu chochote. Hakuna sheria inayosema kwamba fimbo nambari 7 lazima uso wake uwe na mlalo wa digrii fulani. Kila mtengenezaji hujipangia. Fimbo ambayo uso wake umesimama hupeleka mpira mbali na chini, na ambayo uso wake umelala huupeleka juu na karibu, basi ukitaka watu waamini kwamba fimbo yako ina nguvu za ajabu, isimamishe uso wake kidogo, urefushe mpini kidogo, kisha uchore nambari ile ile ya zamani. Karatasi ya seti mpya ilisema kwamba saba ile ina digrii 28. Saba ya mzee, ambayo ni ya miaka ya 1980, ina digrii 36. Kumbe saba ya kijana ndiyo tano ya mzee iliyobadilishwa jina. Hatusemi kwamba ni wizi, maana karatasi ilikuwa wazi kwa kila awezaye kuisoma, lakini twasema kwamba aliyeshangilia yadi zile alishangilia rangi ya nambari.

Na ubaya wake haukomei hapo. Nyuso zikisimamishwa zote, fimbo ya mwisho ya seti, ile ya mipigo mifupi, nayo husimama. Katika seti ile ilikuwa digrii 43, na fimbo ya mchanga aliyokuwa nayo kijana ni digrii 56. Kati ya mbili hizo pana pengo la digrii 13, na ndilo eneo ambalo stadi hupatia au hupoteza mashindano yake. Ingembidi anunue fimbo mbili nyingine za kuziba pengo, na mfuko una mwisho wake: tangu mwaka 1938 huko Marekani, na 1939 huko Uingereza, sheria hairuhusu zaidi ya fimbo 14.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi fimbo hizi zinavyotofautiana. Za asili ni zile ziitwazo bapa. Ni kipande kimoja cha chuma laini kilichofuliwa, mgongo wake mzima, wayo wake mwembamba, na uzito wake umekusanyika karibu na kiini cha uso. Ukiupiga mpira kwa kiini hicho, mkono hausikii kitu isipokuwa ulaini fulani ambao wachezaji hushindwa kuueleza. Ukikosea kwa upana wa kidole, mpira huanguka njiani na mkono huwaka kama uliopigwa kwa bakora, hasa asubuhi ya baridi. Wajapani wamesifika sana kwa kazi hii ya kufua, na fimbo za Mizuno, kampuni iliyoanzishwa Osaka mwaka 1906, zimeshikwa na mabingwa wengi, akiwamo Nick Faldo wa Uingereza.

Aliyeigeuza kazi hii ni Karsten Solheim, mtu aliyezaliwa Norway mwaka 1911 akakulia Marekani. Alikuwa fundi viatu kama babake, kisha akawa mhandisi katika kampuni ya General Electric. Alianza gofu akiwa mtu mzima na hakupendezwa na vyombo alivyovikuta. Mwaka 1959 akaanzisha kampuni ya Ping akifanyia kazi katika gereji ya nyumba yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukiutoa uzito katikati ya mgongo ukausambaza pembezoni, fimbo haitapinduka upesi inapopigwa nje ya kiini, na mpira uliokosewa hautapotea sana. Ndiyo sababu fimbo nyingi za leo zina kishimo mgongoni. Badala ya kufuliwa, zake zilimiminwa katika kalibu kwa chuma kisichoshika kutu. Fimbo zake za Eye 2, zilizotoka mwaka 1982, zilienea dunia nzima, na mpaka leo hazikosekani katika mifuko ya mitumba.

Siku hizi imezuka namna ya tatu, nayo ndiyo aliyouziwa kijana wetu. Kwa nje yafanana na bapa, nyembamba na ya kupendeza, lakini ndani ni tupu, na uso wake ni bamba jembamba linalobonyea na kurudi kama chemchemi. Macho huambiwa kwamba hii ni fimbo ya stadi, na sikio huambiwa kwamba ina nguvu kama ya draiva. Hatuikatai. Kuna watu wanaofaidika nayo, na wamo wachezaji wa kulipwa wanaobeba moja au mbili kwa ajili ya mipigo mirefu. Neno letu ni kwamba isinunuliwe kwa macho wala kwa makofi ya muuzaji.

Basi mzee akatoa amri: fimbo zijaribiwe hapa, kwenye ardhi hii na upepo huu, na karatasi iandikwe. Tulialikwa nasi kutazama. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, kusi ikivuma kwa nguvu kutoka baharini, na mawimbi yakisikika yakipiga majabali chini ya uwanja.

Masharti ya mzee yalikuwa machache. Mpira mmoja usihesabiwe kuwa mzuri wala mbaya, yote ihesabiwe. Fimbo zinazoshindanishwa ziwe na mlalo ulio sawa, yaani saba mpya ishindane na tano ya zamani, siyo saba na saba. Ipigwe mitano kwa hii na mitano kwa hii, kisha kurudia, ili uchovu na upepo visionee upande mmoja. Na kubwa kuliko yote, asitazamwe aliyefika mbali, bali upimwe umbali kati ya mpira uliokwenda mbali zaidi na uliobaki nyuma zaidi.

Sharti hili la mwisho ndilo tunaloliona kuwa uti wa mgongo wa jambo lote. Mchezaji wa kawaida ana haja ya yadi. Stadi hana haja nazo, anazo. Haja yake ni kujua. Anapokuwa na yadi 160 mbele yake, na nyuma ya grini kuna jabali na bahari, hataki fimbo iwezayo kufika 175. Ataka fimbo ambayo haiwezi kufika 175 hata kwa bahati. Fimbo ya chemchemi ilimpa kijana mipira ya ajabu jioni ile, miwili mitatu ikaruka hata kedi aliyesimama mbele akanyoosha mikono kuonyesha kwamba imepita. Lakini ilipokusanywa, mipira ilikuwa imetawanyika kwa urefu kama mbegu zilizomwagwa na mtu anayekimbia. Tano ya mzee iliiacha mingi yake mahali pamoja, kama mayai katika kiota. Na tusifiche: mpira mmoja wa fimbo ya mzee, aliokosea kiini, ulianguka nyuma kabisa ya yote, na kijana akapiga kelele ya maumivu akatikisa vidole. Bapa haihurumii mtu.

Kisha ikaja mipigo ya kuukata upepo. Wakati wa kusi, mwenye kuucheza mpira juu hukabidhi mpira wake kwa upepo. Stadi wa pwani huuweka mpira nyuma kidogo karibu na mguu wa kulia, hushusha mikono mbele, hupiga nusu ya mpigo, na mpira huenda chini chini kama ndege wa baharini. Fimbo yenye uzito mwingi chini ya kichwa hulazimisha mpira upande juu, na hilo ni neema kwa mchezaji dhaifu asiyeweza kuuinua. Kwa stadi, ni kama kupanda punda mwenye njia yake mwenyewe. Kijana alijaribu mara nyingi kuishusha saba mpya. Ilipanda. Bapa aliishusha atakavyo, na tulimwona kwa mara ya kwanza jioni ile akitabasamu bila kumtazama mzee.

Upepo ukiwa mgongoni, jambo hugeuka. Mpira wa fimbo nambari 7 ukipigwa na mchezaji wa kulipwa huzunguka kiasi cha mara 7,000 kwa dakika, na mzunguko huo ndio unaoufanya uanguke na kusimama. Uso uliosimamishwa huuzungusha kidogo zaidi ya huo uliolala. Katika nchi zenye mvua nyingi na grini laini, mpira husimama hata hivyo. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi udongo ni mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, na mpira usiozunguka ukifika grini na kusi nyuma yake, huutafuta ukingo. Pazia la dukani halina kusi wala halina matumbawe.

Tusije tukadhaniwa kwamba twapinga mashine. Katika miaka ya 1960 kampuni ya True Temper ya Marekani ilijengesha mtambo wa kupiga mipira, mkono wa chuma ulioiga mpigo wa Byron Nelson, bingwa aliyeshinda mashindano 11 mfululizo mwaka 1945. Mtambo ukaitwa Iron Byron, na wasimamizi wa mchezo huko Marekani wakautumia miaka mingi kupimia mipira na fimbo. Siku hizi kuna vyombo vya rada, kama vile vya TrackMan ya Denmark, vinavyoufuata mpira tangu unapoguswa mpaka unapoanguka. Hivi ni vyombo vya kweli na tarakimu zake ni za kweli. Lakini mtambo ule hupiga mpigo mmoja kila siku, hauna hofu, na haujapata kusimama juu ya jabali ukiwa umebakiza mpigo mmoja wa kushinda. Huipima fimbo. Fimbo na mtu wakiwa pamoja, hao hupimwa uwanjani.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu hata senti kumi, na kijana yeyote aweza kukifanya kesho. Paka poda au chaki usoni mwa fimbo, piga, kisha tazama alama imeingia wapi. Rudia mara kumi bila kuifuta akilini. Stadi wa kweli hupata alama zilizosongamana mahali padogo. Asiyefika huko hupata alama ncha na kisigino, hapa na pale, na huyo bapa si yake bado, hata akisifiwa vipi na wenzake.

Katika habari hii hatuwezi kumwacha Ben Hogan. Mwaka 1949 gari lake liligongana na basi huko Texas, akavunjika mifupa na watu wakadhani hatatembea tena. Mwaka uliofuata alikuwa Merion katika mashindano makuu ya Marekani, na katika shimo la mwisho la siku ya mwisho akapiga fimbo ya chuma nambari 1 mpaka grini, akasawazisha, na siku ya pili yake akashinda katika marudiano. Fimbo ile iliibwa. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, ndipo mwaka 1983 ikaonekana katika mikono ya mwenye kukusanya vyombo vya zamani, ikapelekewa Hogan mwenyewe akaitambua. Miongoni mwa yaliyoishuhudia ilikuwa doa usoni mwake, lililolika kwa mipira, nalo halikuwa kubwa kuliko sarafu. Fimbo ngumu kuliko zote kupiga, na amepiga mahali pamoja maisha yake yote! Fimbo hiyo sasa imewekwa katika jumba la makumbusho la gofu huko Marekani. Tunapenda vijana wetu waitazame picha ya doa lile kabla ya kutazama bei ya seti yoyote.

Mpini nao usisahauliwe, maana wengi huchagua kichwa wakausahau. Mipini ya chuma ilikubaliwa Marekani mwaka 1924 na Uingereza mwaka 1929. Kabla yake ilikuwa ya mti. Leo kuna mipini mizito ya kiasi cha gramu 130, kama Dynamic Gold ambayo wachezaji wenye nguvu wamezoea, na kuna mepesi isiyofika 100. Kijana wetu, ambaye amejifunza kwa fimbo nzito za mitumba, alipewa mipini mepesi kwa sababu huongeza mwendo, na mwendo huongeza yadi, na yadi huuza. Alipochoka mpira ulianza kwenda kushoto. Hatukuhitaji rada kuliona hilo.

Jambo la pembe ya mpini huamuliwa kwa utepe. Bandika utepe chini ya wayo, piga juu ya ubao, tazama wayo umegusa wapi. Ukigusa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno kwa mtu huyo na mpira utavutwa kushoto. Ukigusa upande wa ncha, utakwenda kulia. Bapa ya chuma laini yaweza kupindwa digrii moja au mbili na fundi mwenye jiriwa na mkono mtulivu. Ya kumiminwa ni ngumu, na ile yenye tumbo tupu isiguswe kabla ya kumwuliza aliyeitengeneza. Hii ni sababu moja ya fimbo za kale kuwafaa watu wa kipato kidogo: hurekebishika.

Ila zina adui hapa kwetu, naye ni chumvi. Chuma laini kilichofuliwa hupakwa kromiamu, na pale kromiamu inapolika, umande wa bahari huingia usiku mmoja ukaacha kutu asubuhi. Mzee hufuta zake kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, hata akiwa amefunga na magharibi imekaribia, na seti yake ingali ikimeta. Kijana asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo achague zisizoshika kutu.

Tena kuna jambo la sheria ambalo laweza kumgharimu mtu. Mifuo iliyochorwa usoni, ile inayopitisha majani na maji ili mpira ushikike, iliwekewa kipimo kipya. Tangu mwaka 2010 mashindano ya kulipwa, na tangu mwaka 2014 yale makubwa ya ridhaa, yaweza kuweka sharti kwamba fimbo zote ziwe na mifuo ya kipimo hicho. Fimbo zilizotengenezwa kabla ya hapo huenda hazikitimizi. Mfadhili ampaye kedi seti yake ya zamani afanya jema, lakini amwambie pia kwamba siku ya kwenda kujaribiwa aulize. Twaona vibaya sana kijana atolewe kwa mfuo usioonekana na jicho, wakati mkono wake hauna kosa.

Sasa twaelekeza maneno yetu kwa wahusika.

Kwa wauzaji: andikeni digrii kwa wino mkubwa kando ya bei. Na arbuni ya mtu aliyerudisha fimbo ndani ya siku mlizompa, bila mkwaruzo, irudishwe. Ya kijana wetu haijarudishwa mpaka tunapoandika haya. Aliambiwa kwamba ndiyo desturi ya biashara. Sisi tuliokulia katika miji ya biashara twajua desturi zake, na twajua pia kwamba aliyepewa muda wa kujaribu amepewa haki ya kukataa.

Kwa viongozi wa klabu za pwani, tangu Malindi mpaka Diani: haiwagharimuni kitu kikubwa kuweka seti mbili tatu za majaribio, bapa moja na ya kishimo moja, zenye mlalo uliopimwa na mipini ya uzito mbalimbali, na kuwaruhusu vijana wenye handikepu ndogo wazitumie siku ambazo uwanja haujai. Wanachama wenu hubadilisha fimbo kila baada ya miaka michache. Zile za zamani hukaa mabohari zikiliwa na kutu. Mashindano ya Kenya Open yameanza mwaka 1967, na walioyashinda ni pamoja na Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986, watu ambao baadaye walikuwa mabingwa wa dunia. Ballesteros mwenyewe alianza utotoni kwa fimbo moja ya chuma nambari 3, akipiga kokoto pwani ya kijiji chao huko Hispania. Watoto wapigao kokoto pwani hatujakosa.

Na kwa vijana wenyewe: wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Fimbo haitampa mtu mkono asio nao. Lakini mwenye mkono asikubali kuuzwa fimbo inayoudanganya.

Msomaji atataka kujua mwisho wa jaribio letu. Mzee alitaka bapa zishinde zote, na hazikushinda. Kijana alipochukua nambari 3 na 4 za bapa, mipira iliyokosewa ilianguka karibu mno hata yeye mwenyewe akazirudisha mfukoni, na mzee akanyamaza, kisha akakubali kwamba hata wachezaji wa kulipwa wengi siku hizi huchanganya: za kishimo kwa mipigo mirefu, bapa kwa mifupi. Ndivyo walivyoamua. Katika mitumba zimepatikana nambari 4 mpaka 7 za kishimo, za kumiminwa, mlalo wake wa zamani, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya seti mpya. Nane, tisa na ile ya mipigo mifupi mzee amezitoa katika mfuko wake mwenyewe. Mifuo yake inakaguliwa, na ikionekana haifai zitatafutwa nyingine. Umbali wa kila fimbo umeandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule, ukurasa mmoja wa upepo wa mbele na mmoja wa upepo wa nyuma, na kurasa mbili zimeachwa tupu, zinangoja kaskazi.